Marie wa Nne

Kila Ijumaa, saa mbili asubuhi, Zulma alipiga magoti kwenye ngazi za mlango wa mbele na kuzisugua kwa sabuni nyeusi na mchanga, ngazi nne za jiwe la buluu, kutoka juu kwenda chini. Akimaliza alifuta mikono kwenye aproni, akachukua kitambaa kikavu, akang'arisha bamba la shaba lililokuwa kando ya kengele. Juu ya bamba palichongwa jina la mwenye nyumba, Delvigne, muuza glavu. Chini ya jina palibaki nafasi kubwa, tupu na laini kama kioo. Hapo ndipo Zulma alipojitazama mara moja kwa wiki, kwa maana chumba chake cha darini hakikuwa na kioo.

Ijumaa moja ya mwezi Machi aliinama ajitazame, akakuta neno mahali pa uso wake. Lilikuwa la wino mweusi, kwa mwandiko wa kuunganisha, kama ule wa masista wa shuleni ubaoni. Nyuma yake barabara ya jijini Brussels ilionekana kama siku zote: tramu, mwanamke na mkokoteni wa viazi, mti usio na majani. Zulma alisogea kushoto, neno likasogea kushoto. Akasugua kwa kitambaa. Halikufutika, kwa kuwa halikuwa kwenye bamba.

Zulma alikwenda shule miaka mitatu tu. Vita vilipofika kijijini kwao, kando ya mto Leie, askari waligeuza darasa kuwa zizi la farasi, na vita vilipokwisha yeye alikuwa tayari ana kazi ya kitani. Herufi alizijua, ila zilimjia polepole, moja moja, kama kuku wanaoitwa kula. Aliyoijua kuliko zote ilikuwa Z, ya jina lake, na kwenye bamba hakuiona. Aliona M. Akaendelea mpaka mwisho, akapata Marie. Akajua kwamba ndiye yeye.

Katika nyumba ya Delvigne kila mtumishi aliitwa Marie. Wa kwanza aliolewa na dereva wa tramu, wa pili alirudishwa kwao na kikohozi, wa tatu aliondoka bila kuaga. Zulma alikuwa wa nne. Siku aliyofika, Madamu, mke wa Delvigne, alimpa aproni sita zilizotariziwa herufi M kwa uzi mwekundu.

"Zulma ni jina zuri, mwanangu," alisema Madamu siku ile, "lakini tazama kazi iliyokwisha kufanyika hapa."

Zulma alitazama, akakubali kwamba ilikuwa kazi nyingi. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Staf, mbeba makaa ya mawe, alipofika na gunia lake, Zulma alimwita kwenye bamba.

"Staf, hebu tazama hapa. Unaona nini?"

Staf aliinama na gunia mgongoni. "Naona Marie."

"Na wewe mwenyewe?"

"Naona pua yangu, na masizi." Akajiinua. "Usilie, binti. Wewe angalau umeandikwa vizuri. Mimi nikijitazama naona gunia."

"Nani analia?"

"Basi nifungulie mlango wa chini, nisije nikazeekea hapa."

Akamfungulia.

Chanzo hakikuwa cha kutafuta. Jioni ya Alhamisi, siku moja kabla, ilitundikwa picha mpya katika chumba cha kulia. Aliichora Firmin, binamu yake Madamu, mtu mwembamba aliyevaa kofia nyeusi hata mezani. Kazi yake ya mchana ilikuwa kuchora mikebe kwenye kiwanda cha biskuti: paka, kasri, bibi harusi, chochote alichoambiwa. Jumapili na jioni alichora picha zake mwenyewe, na kila Alhamisi yeye na rafiki zake walikula kwa Delvigne na kubishana mpaka supu ikapoa. Ubishi wao ulikuwa juu ya vitu na majina ya vitu. Walisema kitu hakikuzaliwa na jina lake, kwamba kiliandikiwa tu, na kwamba mtu akikiandikia jina lingine kitakaa kimya vilevile.

Picha mpya ilionyesha chumba chenyewe. Bwana Delvigne alikuwamo, na ndevu zake zote. Madamu alikuwamo, na mkufu. Binti yao alikuwamo, na mbwa, na samaki kwenye sahani, kila gamba mahali pake. Lakini vitu vingine havikuchorwa, viliandikwa. Kando ya jiko la kupashia chumba joto, mahali pa ndoo ya makaa, paliandikwa *ndoo*. Juu ya taa paliandikwa *kulabu*. Na nyuma ya kiti cha Madamu, kwa urefu wa mtu aliyesimama na bakuli la supu, paliandikwa *Marie*.

Asubuhi ile Zulma aliipangusa vumbi kwa kipangusio cha manyoya.

"Madamu, hapa ndipo nilipo?"

"Ndipo ulipo. Firmin ana akili sana." Madamu alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. "Na umewekwa mahali pazuri. Usiguse fremu."

Tangu siku hiyo neno lilikuwa kwenye kila kitu kinachong'aa: vijiko, madirisha ya tramu, kioo kikubwa cha ukumbini. Ndoo ya makaa nayo ilipatwa vivyo hivyo. Zulma alipopita mbele ya kioo kikubwa akiwa ameibeba, waliandikika wawili, yeye na ndoo, kama mwanzo wa sentensi ambayo mtu ameiacha njiani. Wageni waliokuwa wakivua makoti waliisoma, kisha wakampa makoti.

Angeweza kuishi hivyo bila shida. Kofia aliweza kuivaa kwa kupapasa. Lakini mwezi Aprili ilikuja barua kutoka kwa mama yake, iliyoandikwa na padri, kwa kuwa mama hakuwahi kujua kusoma wala kuandika. Zulma aliisoma siku mbili, nusu kila siku. Mama alisema macho yake yameingia ukungu. Daktari wa Kortrijk ameyatazama, amesema yatafunga kabisa kabla ya viazi kuvunwa. Mama hakuogopa giza, alishajua kila kitu kilipo ndani ya nyumba. Alitaka jambo moja tu. Miaka mitatu ni mingi, na uso wa Zulma umeanza kumponyoka. Usiku anaukumbuka, asubuhi anauchanganya na wa dada yake aliyekufa. Alitaka auone mara moja zaidi, auhifadhi.

Treni na mwendo wa miguu mpaka kijijini vilimaliza siku nzima, na Zulma alikuwa na nusu ya Jumapili kila baada ya wiki mbili. Alimwomba Madamu siku mbili.

"Baada ya Pasaka," alisema Madamu.

Baada ya Pasaka alisema baada ya kusafisha mazulia. Baada ya mazulia alisema, "Lakini Marie, mwezi wa nane tunakwenda baharini, nani atatupikia huko? Mpelekee picha. Siku hizi kila mtu ana picha."

Basi Jumapili yake ilipofika Zulma alikwenda kwa mpiga picha pamoja na Emerence, mtumishi wa nyumba ya jirani. Emerence naye aliitwa Marie kwa mwajiri wake, lakini hakuna aliyewahi kumchora. Walipopita mbele ya duka la kofia, kiooni alionekana Emerence na mashavu yake mekundu, na kando yake neno.

"Umependeza," alisema Emerence.

"Nyamaza wewe."

"Kweli. Hiyo M ina kiuno kuliko mimi."

Mpiga picha alimkalisha Zulma kwenye kiti chenye mikono, mbele ya ziwa lililochorwa kwenye pazia. Alimwambia ainue kidevu. Wiki mbili baadaye alimpa picha. Kiti kilikuwapo, ziwa lilikuwapo, na kitini lilikaa neno, limeinuka kidogo upande mmoja.

"Imetoka safi," alisema mpiga picha. "Wengi hutikisika. Tazama, hakuna herufi hata moja iliyotikisika."

"Mama yangu hajui kusoma, Bwana."

Mpiga picha alifikiri. "Hapo sasa," alisema, akamrudishia koti.

Zulma hakuituma. Ulikuwa mwezi Juni, na viazi vilikuwa vimeshatoa maua.

Jumapili yake nyingine alikwenda kwa Firmin. Aliishi ghorofa ya chini upande wa pili wa reli, na alichorea jikoni, kwa hiyo jiko lake lilinuka tapentaini na supu ya liki, vile vitunguu virefu vya majani. Zulma alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha. Hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye tramu, na Firmin alipofungua yakambakia mawili.

"Uso wangu," alisema.

Firmin alimkaribisha ndani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mkate wa zabibu na kahawa, akasikiliza habari za mama, za ukungu, na za viazi.

"Sikukukusudia ubaya," alisema. "Nilichora nilivyoviona. Nilipokuja kuchora nyuma ya kiti cha binamu yangu Hortense nilijua kuna kitu pale, maana supu haiji yenyewe. Nikatafuta kichwani sura yake, sikuikuta. Nikakuta jina tu, jinsi Hortense anavyoliita. Nikaandika nilichokikuta."

"Sasa unaniona, Bwana?"

"Sasa nakuona."

"Basi nichore."

Alichukua kibao kidogo, kiasi cha ukurasa wa kitabu cha sala, akamkalisha karibu na dirisha. Alimtazama sana. Tangu Zulma aingie Brussels hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo, na hakujua aweke wapi mikono. Ili apate pa kuweka macho alitazama rafu, palipokuwa na mkebe uliochorwa paka mweupe.

"Huo tunao kwetu," alisema.

"Wa paka? Huo niliuchora mimi."

"Umechorwa paka, umeandikwa biskuti, na ndani mama anaweka vifungo."

Brashi ya Firmin ilisimama. "Rudia."

Zulma alirudia.

"Na hakuna anayekosea?"

"Nani akosee, Bwana? Mama hajui kusoma, na paka hajawahi kuwamo. Ukitaka kifungo unafungua paka."

Firmin aliinuka, akachukua penseli, akaandika jambo ukutani juu ya sinki. Kisha akarudi kwenye kibao. Alifanya kazi saa nzima. Alipokigeuza, kiliandikwa Marie.

"Nimejaribu," alisema. "Nikikutazama wewe nakuona. Nikikigeukia kibao, umeshaondoka, limebaki jina."

"Na hata hilo si langu."

"Kwani unaitwa nani?"

"Zulma."

Firmin alilirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu cha moto. Akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akafuta kibao chote, akaandika *Zulma*. Ile Z aliirudia mara mbili mpaka ikakaa vizuri.

"Zaidi ya hapo siwezi," alisema. Aliona haya, na haya yake yalikuwa ya kweli. Akamfungia mkate uliobaki.

Alhamisi iliyofuata walikuja wote: mshairi mwenye kikohozi, profesa, mke wa profesa, na Firmin. Zulma alisimama nyuma ya kiti cha Madamu na bakuli la supu. Firmin alingoja mpaka kelele zikapungua, akaweka kijiko chini.

"Fikirieni mkebe," alisema. "Umechorwa paka. Umeandikwa biskuti. Ndani mna vifungo. Na hakuna anayekosea."

Kisha mke wa profesa alipiga makofi, na profesa alisema wamekesha miaka mitano wakitafuta kusema jambo hilo, na ni Firmin peke yake ambaye angeliona kwenye mkebe. Mshairi aliomba ruhusa ya kuliandika katika jarida lao. Firmin aliinua macho akakutana na ya Zulma. Zulma alifikiri atasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile kungoja jambo ambalo si kengele.

"Marie," alisema Firmin, "liki bado zipo?"

Zulma akasema zipo, akaenda kuzileta.

Kibao alikiviringisha ndani ya aproni kuukuu, akakituma kwa posta. Jibu lilikuja mwezi Agosti, siku chache kabla Madamu hajaenda baharini. Padri aliandika: *Mama yako amepokea picha yako. Ameishika karibu na dirisha muda mrefu. Anasema umekonda. Anasema uwe unakula. Ameiweka juu ya kabati, kando ya mkebe wa paka.* Chini yake padri aliongeza kwa herufi ndogo: *Mimi sikumwambia kitu. Nilitaka kumwambia, lakini nilipoitazama mara ya pili nami niliona umekonda.*

Zulma alimsomea Emerence barua ile uani, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Basi mambo yamekwisha," alisema Emerence. "Mama amefurahi."

"Amefurahia nini?"

"Wewe nawe! Si umesikia? Amekuona."

"Ameona mbao."

"Ndiyo, lakini amekuonea huruma. Mimi wa kwangu ana picha yangu halisi, na mashavu, na hata hajaniambia nile."

Zulma alicheka kidogo, akaikunja barua. Usiku, darini, alijaribu kuukumbuka uso wake mwenyewe. Alipata macho, akapata mdomo, lakini alipovikutanisha vilikataa kukaa pamoja, akalala.

Viazi vilivunwa. Ruhusa ilipatikana kwenye Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku mbili, kwa sababu hata Madamu hakuweza kumzuia mtu asiende kwenye makaburi ya kwao. Zulma alisafiri na chungu cha maua meupe mapajani kwa ajili ya kaburi la baba yake. Alifika jioni. Harufu ya kitani kilichooza mtoni ilimpokea kabla ya watu.

Mama alikuwa ameketi jikoni, ameelekeza uso mahali palipokuwa na joto. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi ni watu wengi."

"Zulma."

"Sogea."

Zulma alipiga magoti mbele yake, kama anavyopiga magoti kwenye ngazi kila Ijumaa. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Alianza juu, akashuka polepole, bila haraka, kama mtu anayechambua nyuzi.

"Paji la baba yako," alisema. "Masikio ya kwetu. Hujakonda hata kidogo, mashavu haya hapa." Kidole kikasimama chini ya jicho la kushoto, kwenye mstari mwembamba ulioachwa na chanuo la kitani Zulma alipokuwa na miaka kumi. "Na kovu lako. Kwenye picha sikuliona kovu."

Zulma aliinua macho. Juu ya kabati kile kibao kilikuwa kimesimama wima, kimepanguswa vumbi, na mbele yake mshumaa mdogo usiowashwa.

"Mchoraji alilisahau, mama."

"Basi alikutazama haraka haraka."

"Ndiyo, mama."

Mama aliendelea kumshika. Kisha akaomba kifungo cha shati la padri, lililokuwa likingoja kushonwa, na Zulma akasimama, akafungua paka, akamtafutia.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, aliinama kwenye ndoo ya kisimani. Majini palikuwa na neno Marie, likicheza kidogo kwa upepo. Akachota, akajaza mtungi, akabeba ndani. Kwenye treni alikaa dirishani mchana kutwa. Mashamba matupu yalipita nyuma ya neno. Mara kwa mara alipeleka kidole chini ya jicho la kushoto, akakuta mstari uko palepale, akarudisha mkono mapajani. Mwanamke aliyekaa mbele yake alilisoma dirisha, akamuuliza kama Marie anashuka Brussels. Zulma alisema ndiyo.

Ijumaa alisugua ngazi nne za jiwe la buluu. Baridi ilikuwa imeanza na maji yalimkata vidole. Alipomaliza alichukua kitambaa kikavu, akang'arisha bamba kwa nguvu, juu mpaka chini, mpaka mkono ukamuuma. Mlango ulifunguliwa. Madamu alitoka amevaa glavu za kijivu, akingoja gari, akatupa jicho kwenye shaba. Zulma alikuwa amesimama mbele ya bamba, na nyuma ya Zulma ilikuwapo barabara, na tramu.

"Vizuri sana, Marie," alisema Madamu. "Leo jina linasomeka."